Majibu Yangu ni Lini? Lugha ya Mtafiti na Damu ya Mwananchi

Desemba iliyopita, mahindi yakiwa yamevunwa na mengine yakianikwa kando ya barabara, nilikuwa nyumbani Kachibora, mashariki mwa Kitale, chini ya milima ya Cherangany. Jirani yetu mmoja, mama mkongwe ambaye kijiji kizima humwita Kukhu, yaani nyanya kwa Lubukusu, alinijia asubuhi. Alifungua fundo la leso yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mwanangu, wewe si ndiye daktari wa chuo kikuu?" akaniuliza. "Basi niambie. Ile damu yangu ilifika wapi? Na majibu yangu ni lini?"

Karatasi yenyewe ilikuwa fomu ya ridhaa. Ukurasa wa mbele ulikuwa kwa Kiingereza, wa nyuma kwa Kiswahili. Miaka miwili kabla ya hapo, mwanafunzi wa uzamili katika biolojia, kutoka chuo ambacho sitakitaja, alipita vijijini akitafiti brusela. Huo ni ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo na kumwingia binadamu, hasa kupitia maziwa mabichi au kwa kumshika mnyama anayezaa au aliyetoa mimba. Kukhu ana ng'ombe watatu. Viungo vinamuuma, homa inakuja na kuondoka, na usiku anatokwa na jasho. Alitolewa damu, akaweka kidole gumba kwenye karatasi, akashukuru. Tangu siku hiyo anangoja.

Mimi ni daktari wa lugha, sijui kupima damu ya mtu. Hata hivyo, nilipousoma ule ukurasa wa Kiswahili niligundua kwamba swali la Kukhu lilihusu taaluma yangu moja kwa moja. Ukurasa wa Kiingereza ulieleza kwamba taarifa za mshiriki zingehifadhiwa kwa siri na kwamba mshiriki binafsi hangepewa matokeo yake. Ukurasa wa Kiswahili ulisema hivi tu: "Matokeo yatakuwa siri." Mjukuu wake alikuwa amemsomea sentensi hiyo. Naye Kukhu, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeielewa, alielewa kwamba majibu yapo ila anafichwa.

Leo nataka kueleza jinsi sentensi kama hiyo inavyozaliwa, na kwa nini haifai kuchukuliwa kuwa kosa dogo la tafsiri.

Tuanze na safari ya utafiti wenyewe. Mwanafunzi wa uzamili au uzamifu katika biolojia au sayansi za tiba huanza kwa kuandika pendekezo la utafiti. Hulitetea mbele ya walimu wa idara. Kisha hulipeleka kwa kamati ya maadili, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba watu au wanyama watakaotumiwa hawataumizwa wala kudanganywa. Baadaye huomba leseni kwa Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, chini ya sheria ya mwaka wa 2013. Hupitia kwa wakuu wa kaunti na machifu. Ndipo huingia nyanjani, hukusanya sampuli, huzipeleka maabara, huchanganua takwimu, huandika tasnifu, huitetea, na hatimaye huchapisha makala katika majarida.

Zihesabu hatua hizo, msomaji. Pendekezo ni Kiingereza. Kamati ni Kiingereza. Leseni, maabara, tasnifu, utetezi, jarida, vyote ni Kiingereza. Kiswahili hujitokeza mahali pamoja tu: pale mtafiti anapomhitaji mwananchi akunje mkono wa shati. Na kwa kuwa ni mahali pamoja tu, tafsiri ya fomu huachwa hadi dakika ya mwisho. Hupewa rafiki, karani, au siku hizi mashine ya kutafsiri, kisha hubandikwa nyuma ya tasnifu kama kiambatisho ambacho hakuna mtahini anayekifungua. Nimeketi katika vikao vya kutetea tasnifu kwa miaka mingi. Nimesikia watahini wakibishana nusu saa juu ya kipimo kimoja cha takwimu. Sijasikia hata mmoja akimuuliza mwanafunzi: "Ulimwambia nini yule mama kabla ya kumdunga sindano?"

Ilhali kila kilichomo katika tasnifu hiyo kimejengwa juu ya mazungumzo hayo. Damu ni data. Majibu ya hojaji ni data. Kama aliyeulizwa hakuelewa swali, basi takwimu zote zinazofuata zimesimama juu ya mchanga.

Hebu tuchunguze maneno machache ambayo watafiti huyatumia bila kuyatilia shaka.

La kwanza ni kitenzi kupima. Katika Kiswahili cha kila siku cha Kenya, kupimwa damu ni nusu ya tendo. Nusu ya pili ni kupewa majibu. Mtu huenda zahanati, hupimwa, huketi kwenye benchi, huitwa jina, huambiwa ana malaria au hana. Hakuna kupimwa kusiko na majibu. Kwa hiyo mtafiti anapomwambia mwanakijiji, "Tutakupima damu," tayari amempa ahadi. Yeye mtafiti ana maana kwamba atatafuta ni watu wangapi kati ya mia wana dalili za ugonjwa fulani. Mwanakijiji anasikia kwamba ataambiwa kama anaugua. Wote wawili wametumia neno moja na kuondoka na mikataba miwili tofauti.

Tofauti hii inaweza kugharimu afya ya mtu. Brusela hutibika, lakini kwa dawa za kuua bakteria zinazomezwa kwa wiki sita au zaidi, na kwa kawaida dawa mbili kwa pamoja. Mtu anayeamini kwamba tayari amepimwa na kwamba angekuwa mgonjwa angeambiwa, hana sababu ya kwenda hospitalini. Kimya cha mtafiti hugeuka kuwa jibu: sina ugonjwa. Kukhu alikuwa amekaa miaka miwili akijipa matumaini ya aina hiyo.

Pia ni haki kusema kwamba si kila kipimo cha utafiti kinafaa kumpa mtu majibu. Vipimo vyenyewe hutofautiana kwa uhakika. Mwaka wa 2017 watafiti walichapisha matokeo kutoka magharibi mwa Kenya yaliyoonyesha kwamba kipimo cha haraka cha brusela kilichotumika sana katika vituo vya afya kilikuwa dhaifu, na kwamba wengi walioambiwa wana ugonjwa huo hawakuwa nao. Huo ni mfano mzuri wa faida ya utafiti. Bila watu kutoa damu, tungeendelea kumeza dawa kwa ugonjwa tusiokuwa nao. Lakini hapo ndipo panapohitaji maelezo zaidi. Mwambie mama waziwazi: "Damu hii hatuichukui ili tujue kama wewe unaugua. Tunataka kujua ugonjwa umeenea kiasi gani hapa kwetu. Ukihisi vibaya, nenda hospitali ukapimwe." Ni sentensi tatu tu, na wala hazina istilahi ngumu.

Neno la pili ni daktari. Kiswahili, kama lugha nyingine nyingi, humwita daktari anayetibu na pia aliyehitimu shahada ya uzamifu. Nyanjani mkanganyiko huongezeka, kwa sababu kila aliyevaa koti jeupe na kushika sindano ni daktari. Mwanafunzi wa biolojia huitwa daktari hata kabla hajahitimu, na aghalabu hakatai, maana jina hilo hufungua milango. Lakini daktari ana wajibu mmoja katika fikra za watu: kuponya. Anayempa daktari damu anajua anapata tiba. Anayempa mwanafunzi damu anajua anasaidia masomo. Mwananchi ana haki ya kujua anampa nani kati ya hao wawili, kwa sababu anaweza kumkubalia mmoja na kumkatalia mwingine.

La tatu ni familia ya jaribu, jaribio na majaribio. Watafiti wa chanjo na dawa hulitumia neno hili kila siku. Lakini kwa msikilizaji wa Kiswahili, kujaribiwa ni kutiwa katika mtihani au mashaka, na kitu cha kujaribia ni kile ambacho hakijulikani kama kitafaa. Kwa sababu hiyo wapo watafiti wanaolikwepa neno majaribio kabisa na kusema utafiti, ambalo halitishi. Hapo huingia tatizo jingine. Neno lisilotisha huweza kuficha hatari ambayo mtu alipaswa kuijua.

Tunao mfano wa karibu. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilifanyiwa majaribio ya awamu ya tatu kati ya 2009 na 2014, ikishirikisha zaidi ya watoto 15,000 katika vituo 11 kwenye nchi saba za Afrika. Kenya ilikuwa na vituo vitatu: Kilifi, Siaya na Kombewa. Katika hatua hiyo kila mzazi aliombwa ridhaa. Mwaka wa 2019 chanjo hiyo ilianza kutolewa kwa awamu ya uzoefu nchini Malawi, Ghana na Kenya. Hapa kwetu ilitolewa katika sehemu za kaunti za magharibi, Bungoma ikiwemo. Lengo lilikuwa kuona jinsi itakavyofanya kazi katika kliniki za kawaida na kuendelea kuchunguza maswali machache ya usalama yaliyokuwa yamebaki. Februari 2020 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha ripoti ambamo baadhi ya wataalamu wa maadili waliuliza: je, wazazi waliambiwa kwamba huu bado ni utafiti? Shirika la Afya Duniani lilijibu kwamba chanjo ilikuwa imeidhinishwa na mamlaka za nchi husika, kwamba ule ulikuwa utoaji wa chanjo na si utafiti, na kwamba mzazi anayemleta mtoto kliniki baada ya kuelezwa amekwisha kuonyesha ridhaa.

Sitaki kuamua kesi hiyo hapa. Chanjo yenyewe ilionekana kufaa, na Oktoba 2021 Shirika hilo lilipendekeza itumike kwa watoto katika maeneo yenye malaria nyingi. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba mzozo mzima ulihusu jina. Kiitwe chanjo ya kawaida, mzazi hahitaji fomu. Kiitwe utafiti, anahitaji. Anayetoa jina ndiye anayeamua ni maswali gani mzazi ataruhusiwa kuuliza.

Katika majaribio ya aina hiyo kuna dhana mbili nyingine ambazo tafsiri zake zimenikosesha usingizi. Ya kwanza ni kule kuwagawa washiriki katika makundi bila mtu yeyote kuchagua, ili ulinganisho uwe wa haki. Fomu nyingi husema "kwa bahati nasibu". Lakini bahati nasibu kwa Mkenya ni mchezo wa pesa: wachache hushinda, wengi hupoteza. Mzazi akisikia kwamba mtoto wake atatiwa katika bahati nasibu, ataomba ashinde. Atadhani kundi moja ndilo lenye zawadi. Ukweli ni kwamba mtafiti hajui bado kundi lipi litanufaika, na kama angejua, hangekuwa na haki ya kufanya utafiti huo. Afadhali aseme: "Tutarusha kama sarafu. Si mimi wala wewe tutakaochagua. Na hata sisi hatujui bado upande upi ni bora."

Ya pili ni plasebo, kile kidonge au sindano isiyo na dawa inayotumika kulinganishia. Tafsiri iliyoenea ni "dawa bandia". Jamani! Nenda Kitale umwambie mkulima neno bandia uone atakavyokunja uso. Bandia ni ile mbegu aliyouziwa dukani kwa bei ya mbegu halisi, akaipanda, haikuota. Bandia ni ulaghai. Ukimwambia mzazi kwamba nusu ya watoto watapewa dawa bandia, umemwambia kwamba umekuja kumlaghai na umekuwa mwungwana wa kumpasha habari mapema. Kusema "kidonge kisicho na dawa ndani" ni kurefu kidogo, lakini ni kweli. Tena si kila utafiti hutumia kitu kitupu. Katika majaribio yale ya chanjo ya malaria, watoto wa kundi la kulinganishia walipewa chanjo nyingine zenye manufaa: wakubwa kidogo walipewa ya kichaa cha mbwa, na wachanga zaidi ya aina moja ya homa ya uti wa mgongo. Mzazi akielezwa hivyo kwa Kiswahili wazi, hana sababu ya kuhisi kwamba mwanawe ameshindwa mchezo.

Pengine msomaji atasema, haya ni mambo ya wanalugha kupenda kuchokonoa maneno. Basi na atazame kinachotokea maelezo yanapokosekana. Watu hujieleza wenyewe. Pwani na Tanzania, tangu zama za ukoloni, kulikuwa na hofu ya mumiani, neno lenye asili ya Kiajemi, ambalo lilikuja kutumika kwa watu wanaodaiwa kuwanyonya wengine damu ili watengeneze dawa. Huku magharibi mwa Kenya, kwa Waluo, neno ni kachinja, na sikio lolote la Kiswahili hukisikia kitenzi chinja ndani yake. Mwaka wa 2005 mwanaanthropolojia P. Wenzel Geissler alichapisha katika jarida la Africa makala kuhusu uvumi wa kachinja uliozuka katika kijiji kimoja ambako watafiti wa tiba walikuwa wakichukua damu. Ni rahisi kuwacheka wanakijiji hao. Mimi siwacheki. Wamemwona mgeni akija na gari, akachukua damu, akaondoka, asirudi. Walihitaji neno la kumwita mtu kama huyo, na lugha ikawapa walilokuwa nalo.

Wala historia haiwapi kosa lote. Nchini Marekani, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, idara ya serikali ya afya iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 kuanzia 1932 hadi 1972. Wapatao 400 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa wana kaswende. Waliambiwa wana "damu mbaya", jina la mitaani lililobeba maradhi chungu nzima. Hata penisilini ilipokuwa imethibitishwa kutibu kaswende katika miaka ya 1940, hawakupewa. Watu hao walishikwa kwa miaka 40 kwa maneno mawili yasiyo na maana mahususi. Anayesema kwamba lugha ya fomu ni jambo la pembeni, na akumbuke hayo.

Lugha ikipotoka, sayansi nayo hupotoka. Katika miaka ya 1990 watafiti waliokuwa Bagamoyo, Tanzania, walichunguza majina ambayo wenyeji huyapa magonjwa ya homa. Walikuta kwamba wengi waliitenga degedege na malaria. Homa ilikuwa ya kutibiwa hospitalini. Degedege, ile mitukutiko ya ghafla ya mtoto, ilikuwa na asili nyingine na ilipelekwa kwa mganga wa kienyeji. Kwa daktari, degedege nyingi za aina hiyo ni malaria iliyokuwa kali. Sasa fikiria mwanafunzi mwenye hojaji inayouliza, "Je, mwanao amewahi kuugua malaria mwaka huu?" Mama ambaye mtoto wake aliponea chupuchupu atajibu hapana, tena kwa moyo safi. Mwanafunzi ataandika sufuri. Sufuri hiyo itaingia katika jedwali, jedwali katika tasnifu, tasnifu katika sera. Kosa halikuwa la mama wala la hesabu. Mtafiti hakujua Kiswahili cha wale aliokuwa akiwauliza.

Wapo wenzangu wa sayansi wanaonijibu kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hoja hii imechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, na Kamusi ya Tiba ikafuata mwaka wa 2003. Istilahi zipo. Na hata pale zinapokosekana, mwananchi hahitaji istilahi. Anahitaji maelezo.

Mfano mzuri uko hapa hapa Trans Nzoia. Kazi ya kuzalisha mbegu bora za mahindi ilianza Kitale mwaka wa 1955. Mwaka wa 1964 wakulima walipata chotara ya kwanza, H611, iliyotokana na kukutanisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Tangu hapo kila mkulima wa Kachibora anajua kwamba ukihifadhi punje za mahindi ya haibridi na kuzipanda msimu ujao, hutapata mavuno yale yale. Watoto hawatafanana na wazazi. Anajua kwamba mbegu ina ukoo, kwamba sifa hurithiwa, kwamba nguvu ya chotara hupungua kizazi cha pili. Hayo ni maarifa ya jenetiki. Mkulima huyo hajawahi kusikia neno jeni, lakini ukimwambia, "Tunataka kuona ni kitu gani kwenye damu mnachorithishana ukoo kwa ukoo kinachowakinga baadhi yenu na ugonjwa huu," atakuuliza maswali ambayo hata msimamizi wako hakukuuliza.

Sasa tufanye nini? Sheria haiko kimya. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu wa afya, pale inapowezekana, amweleze mgonjwa mambo kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Mtafiti anayechukua damu asijione kuwa na wajibu mdogo kuliko muuguzi.

Mimi napendekeza mambo manne, na yote yanawezekana katika vyuo vyetu vya Eldoret, Kakamega, Bungoma na kwingineko.

Mosi, tafsiri ya fomu ifanywe mapema, kwa ushirikiano wa idara ya biolojia na idara ya Kiswahili. Kisha mtu mwingine ambaye hajaiona fomu ya Kiingereza aitafsiri ile ya Kiswahili kurudi Kiingereza. Kama "Matokeo yatakuwa siri" ingerudishwa hivyo, kasoro ingeonekana siku hiyo hiyo.

Pili, ridhaa isiishie kwenye kidole gumba. Baada ya kueleza, mtafiti amwombe mshiriki amweleze yeye: "Mama, hebu niambie, ukifika nyumbani utawaambia watu tumekuja kufanya nini?" Akisema, "Mmekuja kunitibu," basi kazi bado. Na pale ambapo Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili, kama ilivyo kwa wazee wengi wa Kibukusu, Kinandi au Kimarakwet, atafutwe mtu wa kueleza kwa lugha ya nyumbani.

Tatu, watahini waisome fomu hiyo. Iulizwe katika utetezi kama sura nyingine yoyote ya tasnifu.

Nne, na hili ndilo kubwa, utafiti urudi nyumbani. Kila tasnifu iliyotumia watu iwe na muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, usomwe katika baraza la chifu, ubandikwe zahanatini: tulikuja, tulitafuta hiki, tumepata hiki, nanyi fanyeni hivi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wetu wa siku hizi huja, hupona yeye kwa kupata shahada, na mwenyeji hubaki na karatasi katika fundo la leso.

Nambari ya simu ya yule mwanafunzi ilikuwa chini ya fomu, nami nikampigia. Alipokea kwa adabu. Alihitimu zamani, sasa ameajiriwa. Akanieleza kwamba chupa za damu zilipewa nambari badala ya majina, na kwamba orodha iliyounganisha nambari na majina iliharibiwa kama kamati ya maadili ilivyoagiza. Hakuna mtu duniani anayeweza kujua ni chupa ipi ilikuwa ya Kukhu. Alisikitika kweli. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyekuwa akingoja.

Nilirudi nikamweleza Kukhu, nikatumia yale maneno marefu: kwamba damu yake ilichanganywa na za wengine katika hesabu, kwamba ilisaidia kujua ugonjwa umeenea kiasi gani, kwamba hakuna majibu yake peke yake, na kwamba inafaa aende hospitali akapimwe upya. Alisikiliza hadi mwisho. Akaikunja karatasi yake.

"Kumbe hawakuyaficha," akasema. "Hawakuwa nayo." Kisha baada ya kitambo akaongeza: "Wangeniambia hivyo tangu mwanzo, hiyo damu ningewapa tu."